Mchezaji wa Ng'ambo na Kopo la Rangi Nyeupe

Wiki iliyopita mlikuja nyumbani kwangu watatu, mkaniamkia kwa pamoja kama wanakwaya, mkakaa. Mkanieleza kwamba timu yenu imepata mchezaji kutoka nje ya nchi, na kwamba mmesikia mimi ndiye niliyeandaa ujio wa mchezaji wa kwanza wa ng'ambo katika tambarare hizi za Same.

"Babu, tupe mchongo," alisema yule mrefu. "Mlifanyaje mpaka uwanja ukajaa?"

Niliwapa chai, nikawaambia nitawaandikia. Nadhani mlifikiri ni uzee, kwamba kinywa kimechoka. Si hivyo. Kuna sehemu ya habari hii ambayo sijawahi kuisema kwa sauti, na nilijua mkinitazama usoni nitairuka tena, kama nilivyoiruka miaka yote.

Nimeandika mara nne. Karatasi tatu za kwanza nimezichana kwa sababu zilikuwa nadhifu mno. Mkifika chini mtaelewa kwa nini unadhifu wangu siuamini.

Nilikuwa karani wa ghala katika shamba la mkonge, upande wa Makanya, na katibu wa timu ya shamba. Elimu yangu ni darasa la nne. Kuandika kwa herufi kubwa nilijifunza mwenyewe, kwa kunakili maandishi ya makopo ya biskuti na madebe ya mafuta ya taa. Kwa kuwa hakuna aliyenifundisha, niliishi na woga kwamba siku moja mtu aliyesoma atasimama mbele ya kazi yangu na kucheka. Basi nilikuwa sikosei. Nilikuwa nikirudia. Ubao mzima wa tangazo niliwahi kuuparua na kuuanza upya kwa sababu mguu wa herufi moja uliegemea kulia kama mlevi.

Mzee Haule alikuwa akinicheka sana kwa hilo. Huyu alikuwa Mngoni wa Songea, nyapara wa wakata mkonge, na ndiye aliyefundisha timu. "Katibu," alikuwa akisema, "mpira unachezwa kesho, wewe bado unanyoosha miguu ya herufi. Njoo uninyooshee mabeki."

Mambo ya mbao nitawaachia, maana bado yanafaa hata kama ninyi mnatangaza kwa simu. Anza kuandika mstari wa chini. Wengi huanza juu kwa furaha, na wakifika chini, siku na saa ya mchezo vimesongamana pembeni kama mbuzi mlangoni. Brashi nilitengeneza kwa singa za mkonge, ncha nikaziponda kwa jiwe mpaka zikalainika. Na ubao usiuweke penye watu wanaopita, uweke penye watu wanaosubiri: bombani, kwenye mashine ya kusaga, stesheni. Kanisani uweke upande wa kutokea. Anayeingia ana haraka, au anaona haya kwa kuchelewa.

Shamba lilipotaifishwa na wazungu wa kampuni wakaondoka, timu ikawa mikononi mwa kamati ya wafanyakazi. Tulikuwa na timu nzuri na hatukuwa na kitu kingine. Jezi zilikuwa za rangi tatu tofauti. Mpira ulishonwa mpaka ukawa na umbo la boga. Ndani ya timu alikuwemo Mha, Mmakonde, Mnyamwezi na Wapare wawili, wote wachezaji hodari, na watu waliokuja kuwatazama hawakuzidi wale wanaosimama foleni ya maji.

Nilikaa nikawaza kwa nini. Jibu nililipata bombani. Watu hawatoi chochote kumtazama mtu wanayegombana naye kwa ndoo. Yule Mha angeweza kupiga chenga timu nzima, lakini asubuhi walikuwa wamemwona akifua shuka. Nikamwambia Mzee Haule: "Tunahitaji mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akifua."

"Utampata wapi mtu asiyefua?"

"Ng'ambo."

Alicheka, lakini hakusahau. Alipokwenda Tanga na lori la marobota ya singa, alikaa siku mbili zaidi, akarudi na Iburoi.

Iburoi alikuwa mtu wa Ngazija. Alivuka bahari kuja kubeba mizigo bandarini, na jioni alikuwa akicheza na makuli wenzake. Alikuwa mwembamba, mpole, na mguu wake wa kushoto ulikuwa ukiushika mpira kana kwamba umepakwa gundi. Katika miaka ile ya Ujamaa, kumlipa mtu acheze mpira kulikuwa jambo la kuinamisha uso. Kila mtu alipaswa awe na kazi. Basi njia yetu ilikuwa kumwandika kazini. Nilimwandika msaidizi wangu ghalani, wa kupima marobota, na kamati ikapiga mhuri. Na alipima kweli. Alipima vizuri kuliko mimi.

Hapa ndipo sanaa yangu ilipoanza, na hapa ndipo mnapotaka nifike. Haitoshi mgeni wa ng'ambo kuwa amekuja. Lazima abaki mgeni. Nilimkataza kwenda bombani. Maji alichotewa. Siku ya gulio nilitembea naye mara moja tu katikati ya watu, kisha nikamrudisha chumbani mpaka Jumapili. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, kina lafudhi tamu ya kwao, na hilo nalo likanitia wasiwasi. Nikamwomba asiseme sana.

"Bwana Katibu," aliniambia, "tayari sitoki, sisemi, maji naletewa. Nikizidi kunyamaza watanizika."

Nilicheka, lakini sikumfungulia.

Ilifanya kazi. Mchezo wa kwanza watu walitoka Same kwa lori. Wa pili walikuja hata watu wa Ugweno, waliolala kwa ndugu zao mjini ili wasikose. Tulizungusha uwanja kwa ua wa miti mirefu ya mkonge uliokwisha kutoa maua, tukaweka mlango na viingilio. Mwenye duka la nguo mjini, ambaye miaka yote alitufukuza kwenye baraza yake, akatuma jezi nyekundu seti nzima kwa sharti kwamba jina la duka lisomeke mlangoni. Muuza soda wa Moshi akawa anashusha kreti kwetu kabla hajafika kwingine. Timu za Korogwe na Tanga zikaanza kutualika na kutulipia nauli. Watu wanadhani mchezaji wa ng'ambo huleta mabao. Mabao hata Mmakonde wetu alifunga. Iburoi alileta sababu ya mtu kuondoka nyumbani kwake.

Na akina mama wa milimani walishuka. Mkubwa wao alikuwa Mama Naziael wa Mhezi, mjane, mkono wenye nguvu na ulimi usiopumzika. Alikuja na makande kwenye sufuria lililofungwa kwa kanga, na ndizi, na tangawizi. Mara ya kwanza kumpakulia Iburoi alinigeukia kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

"Katibu! Huyu wa ng'ambo yako mbona anakula makande kama mtoto wa Mhezi?"

"Kwao hakuna makande, mama."

"Basi kwao kuna njaa. Mwongeze."

Iburoi alicheka mpaka akashika tumbo. Wasiwasi ukanipanda, maana watu walikuwa wakimwona anacheka kama mtu wa kawaida.

Uwanja ndio uliokuwa tatizo. Ulikuwa na mteremko na visiki. Mama Naziael akalipeleka jambo hilo Mhezi, na Mhezi wakaamua kutupa msaragambo. Ninyi mnaujua, ni kazi ya pamoja ya Wapare: pembe ikipigwa, kila nyumba hutoa mtu na jembe, na hakuna anayeuliza malipo. Lakini msaragambo ni wa mambo ya watu wenyewe, wa mfereji, wa barabara, wa shule. Kuutoa kwa uwanja wa shamba huku chini lilikuwa jambo geni, na wazee wa kule walibishana. Mwisho wakaweka sharti moja. Uwanja ukikamilika, Jumapili ya kwanza watu wa Mhezi waingie bure, na wamwone Iburoi akicheza.

Nikaahidi mbele yao wote. Walishuka alfajiri kwa siku kadhaa, mwendo wa saa nyingi wa milima, wakachimba, wakasawazisha, wakaimba. Na mimi nikaandika mbao ishirini. Sijawahi kuandika mbao nzuri kama zile. Jina la Iburoi lilikuwa kubwa kuliko la timu, lina kivuli cha bluu, na chini yake: ATACHEZA MBELE YENU. Niliyesoma darasa la nne nilikuwa nikisimama stesheni kwa siri nione wasafiri wa treni wakiyasoma maandishi yangu.

Alhamisi kabla ya Jumapili ile, mazoezini, Iburoi aliweka mguu wa kushoto kwenye shimo la kisiki ambalo halikushindiliwa. Sote tulisikia. Goti likavimba mbele ya macho yetu kama mkate.

Mzee Haule alilishika kwa vidole viwili tu. Alikuwa ameona magoti mengi ya wakata mkonge. "Mwezi mzima asiguse mpira," akasema. "Akilichezea hili sasa, hatacheza tena." Akaniangalia. "Katibu, chukua rangi nyeupe ghalani, funika jina lake kwenye mbao. Mhezi nitapanda mwenyewe kesho niwaambie. Watu wazima wale, wataelewa."

Nikachukua kopo la rangi nyeupe, nikalitundika kwenye usukani wa baiskeli ya shamba, nikaenda. Ubao wa kwanza ulikuwa stesheni. Palikuwa na watu wanne wamesimama mbele yake. Mmoja aliwasomea wenzake polepole, akamaliza, akasema, "Mwandishi huyu amesoma huyu."

Nilisimama na kopo mkononi. Niliona jinsi doa jeupe litakavyokaa katikati ya ubao wangu. Niliona watu wakiuliza kwa nini katibu aliandika jambo asilolijua. Nilijiambia kwamba nawawazia watu wa Mhezi na ahadi yangu kwao. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na nilijidanganya mwenyewe. Watu wa Mhezi wangeelewa, Mzee Haule alikwisha kusema. Nilichokihofia ni ubao wenye kosa.

Sikulifungua lile kopo. Nikageuza baiskeli, nikaenda chumbani kwa Iburoi.

Alikuwa amelala, mguu juu ya gunia la singa. "Goti linasemaje?" nikamwuliza.

"Halisemi, Katibu. Linapiga kelele."

"Iburoi, dakika kumi tu za mwanzo. Watu waone jezi yako, kisha utoke. Watu wale wamelima uwanja kwa mikono yao kwa ajili yako."

Akauliza swali moja tu. "Mzee Haule anasemaje sasa?"

Nikamjibu, "Mzee amekubali."

Akatazama goti lake, akasema, "Kama mzee amekubali, sawa."

Nikatoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Haule, kabla hajajiandaa kupanda Mhezi. Nikamwambia, "Iburoi anakataa kukaa nje. Anasema atacheza tu, hata ukimfunga kamba. Ukimzuia ataona umemdharau mbele ya wenyeji."

Mzee alikunja uso. "Mpole yule? Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo."

Wanangu, nilipanga vizuri. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ndiye aliyetaka. Na kwa kuwa kila mmoja alimheshimu mwenzake, hakuna aliyeuliza.

Jumapili uwanja ulifurika. Watu wa Mhezi walikaa upande wa mlima, wamevaa nguo za kanisani, Mama Naziael mbele kabisa. Iburoi aliingia akitembea vizuri. Alikuwa amelifunga goti kwa kitambaa chini ya soksi ndefu. Nilimwona akimtazama Mzee Haule pale kwenye mstari, kama mtu anayengoja kuitwa. Mzee akatazama pembeni. Alikuwa amekasirika kwa ukaidi ambao haukuwepo.

Dakika kumi hazikufika. Aliupokea mpira mara ya pili, akageuka kama alivyozoea kugeuka, na mguu ukabaki ulipokuwa. Hakupiga kelele. Alikaa chini tu, akashika nyasi kwa mikono yote miwili.

Nikaona nyuso za watu wa Mhezi. Nikasikia Mama Naziael akiuliza kwa sauti, "Nani alimruhusu huyu kucheza? Si alikuwa mgonjwa?" Kumbe habari za Alhamisi zilikwisha kupanda mlima. Nikashika bomba langu la bati la kutangazia, nikasema mbele ya watu wote: "Ndugu zetu, Iburoi mwenyewe amesisitiza kucheza, kwa mapenzi yake kwenu!"

Wakapiga makofi. Alikuwa anabebwa kwenye gunia, na wao wakimpigia makofi, na yeye akinitazama.

Makofi yaliisha siku ile ile. Maneno yangu yalibaki. Baada ya wiki mbili watu walikuwa wakisema mgeni alijitakia, alipenda sifa. Kamati ikakaa. Ikaulizwa kama aliumia kazini, maana aliyeumia kazini shamba lilimtunza, lilimtafutia kazi ya kukaa. Mwenyekiti akanigeukia. "Katibu, wewe ndiye uliyekuwa karibu. Alilazimishwa?"

Nikasema, "Hapana."

Nikaandika katika kumbukumbu za kikao: alicheza kwa hiari yake. Mwandiko ulikuwa mzuri, mstari umenyooka. Kwa maneno hayo manne akafutwa kazi ghalani, ghala lile lile tulilopima pamoja marobota, na akapewa tiketi ya treni ya kurudi Tanga.

Siku aliyoondoka sikwenda kumuaga. Nilikwenda stesheni, lakini nilijificha nyuma ya kibanda cha mizigo. Alikaa kwenye benchi na Mzee Haule, fimbo katikati ya magoti. Walizungumza muda mrefu. Sikusikia, ila niliona Mzee anasimama ghafla, anakaa tena, anageuza kichwa huku na huku akitafuta mtu. Nikajua wamekwisha kuulizana lile swali.

Ubao wangu ulikuwa bado umetundikwa pale. Treni ilipokaribia, Iburoi alisimama, akachechemea mpaka mbele yake. Ulikuwa umejaa vumbi la reli. Akavuta mkono wa shati, akalifuta jina lake vumbi, pole pole, herufi moja moja. Kisha akamwambia Mzee Haule, na hili nililisikia maana kibanda kilikuwa karibu: "Bwana yule ana mkono mzuri."

Akapanda treni. Sijamwona tena. Barua sikuandika, mimi niliyeandika kila kitu.

Jioni Mzee Haule alikuja ghalani na kopo la rangi nyeupe. Alikuwa amelikuta kwenye chumba cha baiskeli. Alilisukuma mezani mpaka likagusa daftari langu.

"Kopo lako," akasema. "Halijafunguliwa."

Hakusema zaidi, siku ile wala baadaye. Alifundisha timu misimu mingine miwili na hakuwahi tena kunitania habari za miguu ya herufi. Na mimi nilimngoja anitanie.

Na timu ilikua. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, na ndilo jibu la swali lenu. Ua ulibaki, jezi zilibaki, muuza soda aliendelea kushusha kreti. Watu walikwisha kuzoea kuja. Tulileta wengine wawili kutoka nje, na viwanja vikajaa tena, na mimi nikasifiwa katika mkutano wa wafanyakazi kama katibu mwenye maarifa. Mama Naziael peke yake hakurudi. Mwaka uliofuata nilikutana naye sokoni, nikamsalimu, nikamwuliza mbona hashuki siku hizi na makande yake.

"Yule aliyekuwa anayapenda mmempeleka wapi?" akaniuliza. Akangoja jibu. Nikanunua tangawizi ambayo sikuihitaji.

Basi mchongo mnaoutaka ndio huo, nimewapa wote. Mgeni atawajazia uwanja. Atawaletea watu wa duka na watu wa soda. Jina lake likiwa kubwa, jina lenu litakua chini yake. Lakini mtakapokwisha kuliandika kila mahali, na watu wakaanza kulisoma, itafika siku goti lake litasema jambo moja na tangazo lenu litasema jingine, na ninyi ndio mtakaochagua lipi lifutwe. Siku hiyo mwulizeni mwenyewe, na kocha awe amekaa palepale, wasikilizane.

Mliniomba niwaandikie ubao wa mchezo wenu wa kwanza, kwa heshima ya zamani. Mkono bado unaweza. Nimeuandaa ubao, upo hapa mlangoni, nimeupaka weusi kama wa darasani. Njooni asubuhi ya mchezo, mje na mgeni wenu, na kocha wenu. Akisema mbele yangu kwamba yu mzima, nitaandika jina lake. Nitaliandika kwa chaki.